Fundi Viatu na Diski Iliyotiwa Gundi

Mtaani walimwita Gundi, na jina lenyewe hakulichukia. Alikuwa fundi viatu, mwenye kibanda cha mabati kilichobanwa kati ya duka la nafaka na kinyozi, na hakuna kitu kilichowahi kumshinda kukibandika. Soli zilizoachama, visigino vilivyokatika, mikoba, vishikio vya sufuria, mdoli wa mtoto wa kinyozi, uliong'oka kichwa: vyote vilipita mikononi mwake vikatoka vimeshikana. Watu wakiona mke na mume wanazozana, walikuwa wakisema wapelekwe kwa Gundi. Mwenyewe akisikia hucheka tu, anasema ndoa haina mpira, ingekuwa na mpira angejaribu.

Gundi yake hakuinunua dukani. Yaani aliinunua, lakini hakuiacha kama ilivyo. Namna ya kuichanganya aliirithi kwa mjomba wake, aliyemfundisha kazi, na mjomba alimwapisha: hii usimwambie hata ukuta. Basi kila Jumatatu alfajiri, kabla kinyozi hajafungua, alijifungia kibandani na kopo lake, na harufu ikitoka nje wapita njia wanaziba pua wakisema Gundi anapika. Kinyozi alishajaribu kumpeleleza, akamkaribisha chai siku tatu mfululizo. Gundi alikunywa chai, akashukuru, akazungumzia hali ya hewa.

Mkewe alikuwa mfanyakazi wa duka la kutoa kopi na kuchapa barua, kwa hiyo nyumbani yeye ndiye aliyejua mambo ya kompyuta. Simu yake ilipojaa hadi ikawa inazima yenyewe, alizihamisha picha na video zote za mtoto wao, tangu siku aliyozaliwa, akaziweka kwenye diski ya nje, pamoja na kazi zake za dukani. Ni kile kiboksi cheusi, chembamba kama daftari dogo, kinachochomekwa kwa waya. Kisha akazifuta zile za kwenye simu ili apate nafasi. Mtoto mwenyewe sasa alikuwa na miaka mitatu, msichana mwembamba anayepenya kila mahali, ndiyo maana wakamwita Sindano.

Wiki hiyo mke alikuwa amesafiri kwenda kumchukua mama yake mzazi, aliyeishi mbali na hakuwahi kumwona mjukuu wake hata siku moja. Bibi alishasema kwa simu kwamba hataki kuandaliwa makubwa. Anataka aketishwe kwenye kiti chenye mgongo, aonyeshwe huyo mtoto alivyozaliwa, alivyoota jino, alivyosimama dede, alivyopiga hatua ya kwanza. Miaka mitatu iliyompita, alitaka aipate yote kwa mkao mmoja. Binti yake alimwahidi. Wangefika Alhamisi.

Jumapili mchana Gundi alibaki na Sindano, nyumba imepoa. Akamkumbuka mkewe, na kumkumbuka kukampeleka kwenye picha. Akaiweka laptopu yao kuukuu juu ya stuli, akaichomeka diski, akaanza kutazama. Sindano naye akataka kumgusa mtoto wa kwenye kioo. Akapita chini ya waya, akatokea upande wa pili, na waya ukaja naye. Diski ikaanguka sakafuni kwa upande wake mbaya. Ule mdomo wa kuchomekea waya ukalegea, ukalala upande kama jino la utoto linalosubiri kung'oka.

Mtu mwingine angeishia hapo. Gundi aliona pengo, na dawa ya pengo anaijua. Akachovya kijiti kwenye kopo lake, akapaka, akaurudisha mdomo mahali pake. Akaifunga diski nzima kwa ukanda wa mpira, akaikandamiza chini ya kile chuma kizito cha kupigilia soli, akaianika juani hadi jioni, kama afanyavyo kwa viatu vya walinzi vinavyotembea usiku kucha. Alipoifungua alifurahi. Mdomo ulikuwa umeshika barabara. Umeshika hivi kwamba hata waya haukuweza kuingia tena, kwa sababu gundi ilikuwa imejaa ndani pomoni.

Hapo ndipo alipoikumbuka Alhamisi.

Jumatatu hakupika. Alimbeba Sindano begani, diski akaitia mfuko wa shati, akaenda kwa Darubini. Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, fundi wa redio, simu na kompyuta, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya kioo cha kukuzia alichokifunga kwenye paji la uso saa zote, hata akienda sokoni. Karakana yake ilikuwa chini ya jengo. Unashuka ngazi sita, na dirisha lake liko usawa wa barabara, kwa hiyo aliye ndani huona miguu tu ya wanaopita. Mezani palikuwa na taa ya shingo ndefu, makopo ya skrubu, na harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyuka. Ukutani kulikuwa na mamia ya kadi za boksi zilizotundikwa kwa misumari.

Hizo kadi ndizo zilizowafanya watu wamwogope. Kila kifaa kilichoingia kilipewa kadi yenye mistari miwili. Wa kwanza aliandika alichosema mwenye kifaa. Wa pili aliandika kilichosemwa na kifaa kikishafunguliwa. Gundi, akingoja, alizisoma. Simu: mwenyewe amesema haijawahi kuingia maji, simu imesema sabuni ya unga. Redio: mwenyewe amesema radi, redio imesema nyundo.

Darubini akachukua kadi mpya. Akauliza imekuwaje.

Gundi alisema imeacha tu kufanya kazi, yenyewe, bila sababu. Darubini aliandika. Akashusha kioo chake machoni, akaigeuza diski chini ya taa, akanusa. Akasema hii imetiwa kitu. Gundi akakohoa, akasema basi labda ni mtoto, si unajua watoto, pengine alimwagia uji.

Sindano, aliyekuwa anahesabu misumari ukutani kwa namna yake, moja, mbili, sita, aligeuka.

"Baba alipaka," akasema. "Kama kiatu."

Darubini hakucheka. Alikata ule mstari kuhusu kuacha yenyewe, akaandika upya, polepole, na Gundi akawa anatazama vidole vyake mwenyewe, vyeusi kwa rangi ya viatu.

"Gundi gani?" Darubini akauliza.

"Ya dukani."

"Sikiliza, fundi mwenzangu. Kama ni ya dukani tupu, ninayo dawa, ile ya kuondolea rangi ya kucha. Natia tone, inaachia. Lakini kama kuna kingine ndani, dawa ile itaigeuza kuwa uji, na uji utakimbilia ndani kwenye sahani ya umeme ambako siwezi kuufuata. Hapo ndiyo mwisho. Kwa hiyo usiniambie unachowaambia watu. Niambie ulichotia."

Gundi aligeukia mlango. Alimwona mjomba wake, Mungu amrehemu, amesimama mlangoni amemtolea macho. Halafu akamwona mama mkwe kwenye kiti chenye mgongo, mikono mapajani, anatazama kioo cheusi. Kati ya hao wawili, mmoja alikuwa marehemu na mwingine alikuwa safarini anakuja. Akainuka, akafunga mlango. Akamziba Sindano masikio kwa viganja viwili, na Sindano akacheka kwa kutekenywa.

"Ya dukani," akanong'ona. "Na mpira wa tairi nilioyeyusha kwa petroli. Na," akautazama mlango, "nta ya nyuki."

Darubini akangoja. "Halafu?"

"Basi."

"Nta tu? Ulivyofunga mlango nilidhani utaniambia kitu."

Gundi akajiona kama mtu aliyevua shati katikati ya soko, na soko likaendelea kununua nyanya. Miaka kumi na minane ameibeba siri hiyo. Chai zote zile za kinyozi.

Lakini nta ndiyo iliyowaokoa, kwa sababu nta haipendi joto. Darubini aliiweka kando dawa ya kucha, akawasha kile kipulizio chake cha hewa ya moto, akakipunguza kiwe cha vuguvugu tu, kama unavyompulizia mtoto uji. Baada ya dakika chache gundi ikaanza kutoa jasho, ikalegea, naye akaikamata kwa kibanio na kuivuta taratibu. Ikatoka nzima kama ganda la yai lililochemshwa vizuri. Gundi, kwa wivu wa fundi, akakiri moyoni kwamba mkono ule ungeweza kushona kiatu.

Chini yake kulikuwa na habari mbaya. Mdomo ulitoka pamoja na vipande vya njia za shaba, zile nyembamba kama nywele ambamo umeme hupita. Darubini alisema isingekuwa ule uzito uliowekwa juu yake, zingebaki. Aliuliza ilikandamizwa na nini. Gundi akamwambia. Darubini akaandika chuma cha soli, akaomba apewe nafasi afikiri.

Alichofanya baadaye hakikuwa kurudisha mdomo mpya, kwa sababu hapakuwa na pa kuushikiza. Alichukua nyuzi nne nyembamba, akazilehemu moja moja kwenye masalio ya zile njia za shaba, bila hata kupumua. Waya wa kweli una nyuzi nyingi zaidi, alieleza, lakini hizi nne zinatosha kama huna haraka: mbili za umeme, mbili za maneno. Alipoziunga na kompyuta yake, diski ilikaa kimya kidogo. Kisha ikaanza kuvuma ndani kwa ndani, sauti ndogo ya kitu kinachozunguka, na kwenye kioo yakajitokeza mafolda.

Gundi alitaka kupiga kofi la furaha mezani. Darubini akaudaka mkono wake hewani.

Akamweleza hali ilivyo. Zile nyuzi zimeshikwa na shaba ya kuazima. Zinaweza kukaa siku nzima, zinaweza kukaa dakika kumi. Zikichomoka tena zitaondoka na kilichobaki, na hapo yeye hataweza, labda wapatikane mabingwa wa miji ya mbali. Na kwa nyuzi nne, kunakili kutakwenda kwa mwendo wa konokono. Kwa hiyo meza isiguswe, isisukumwe, isikohozewe. Na aambiwe sasa hivi: kipi kitangulie?

Gundi akatazama. Mafolda yalikuwa themanini na kitu, na mkewe, kwa mazoea ya kazini, alikuwa ameyapa namba tu. Moja mpaka themanini na tatu. Jana alikuwa amefungua moja kwa kubahatisha; hata hakumbuki ni ipi.

"Anza na ya kwanza," akasema kwa unyonge.

Darubini akaifungua ya kwanza. Ilikuwa picha za vitambulisho vya wateja. Ya pili, risiti. Akamtazama Gundi juu ya kioo chake.

"Mpigie aliyezipanga."

Gundi alisema mke wake yuko njiani na mtandao huko hausomi. Diski iliendelea kuvuma. Sindano akauliza kama ndani kuna nyuki. Gundi akatoa simu.

Mkewe aliipokea haraka, akauliza kama mtoto ni mzima.

"Mtoto mzima kabisa, Mama Sindano. Ni diski."

"Umeitia gundi," mkewe akasema. Hakuwa anauliza.

Aliyoyasema baada ya hapo hayakuwa machache, na Gundi aliyapokea akiwa ameinamisha kichwa kana kwamba anaonekana. Nyuma ya sauti ya mkewe ikasikika ya mama mkwe akiuliza kuna nini, akaelezwa, akanyamaza, kisha akacheka, kicheko kirefu cha mzee kinachoishia kwenye kikohozi. Kicheko hicho kikamchoma Gundi kuliko maneno yote. Lakini kikamlainisha mke. Aliporudi kwenye simu sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Chukueni arobaini na moja kwanza," akasema. "Kabla ya kitu kingine chochote."

"Hiyo ndiyo ya hatua ya kwanza?"

"Hapana. Hatua ya kwanza ni hamsini na saba, itafuata. Arobaini na moja ni sauti tu. Hakuna picha."

"Sauti ya nini?"

"Usiku ule wa kwanza hospitali, wewe ulipokwisha kwenda nyumbani. Alikuwa mdogo hivi, na kila akivuta pumzi naona kama hatavuta nyingine. Nikawa namrekodi ili nisikie kama bado. Sikumwambia mtu. Ichukue hiyo kwanza, Baba Sindano."

Gundi akasema ndiyo. Akaitaja namba kwa Darubini, na Darubini akaanza bila kuuliza. Kisha mke akamtajia zinazofuata, jino, kuogeshwa, hamsini na saba, kusimama, na Gundi akaziandika kwenye kiganja kwa kalamu ya kuchorea soli. Mwisho kabisa, kama kuna muda, iliyobaki ni themanini na tatu, harusi ya binamu, video ya saa tatu na nusu.

Sasa kazi ikawa ya Gundi, na ilikuwa ngumu kuliko ya risasi: kumzuia Sindano asiguse meza. Alimkalisha sakafuni chini ya dirisha, akamwelekeza juu, kwenye miguu ya wapita njia, akaanza kumsomea viatu. Huyu kisigino chake kimeliwa upande wa nje, ni mtu wa kubeba mzigo bega moja. Huyu kiatu kipya lakini anachechemea, amekinunua kidogo kwa ajili ya urembo. Huyu, tazama, soli imefungwa kwa waya, huyo ni jirani yetu wa nafaka, ana hela na hataki kunipa kazi. Sindano akavishika vidole vya miguu yake mwenyewe, akauliza yeye anasomekaje. Gundi akaviinua viatu vyake vidogo, akavikagua, akasema huyu anatumia ncha tu, kisigino hakijui ardhi. Huyu kila aendako anakimbia. Sindano akaridhika, akataka asomewe tena. Alisomewa mara nyingi. Kila baada ya muda Darubini alitaja namba iliyokamilika bila kugeuka, na Gundi akaifuta kiganjani kwa mate.

Arobaini na moja ilipita. Hamsini na saba ilipita. Zilipita zote, hata vitambulisho vya wateja. Walipofika kwenye harusi ya binamu, likapita lori la kokoto. Vikombe vililia kwenye rafu, sakafu ikatetemeka, na ule uvumi mdogo ukakatika kama mtu aliyesahau neno.

Darubini alishusha kioo, akatazama muda mrefu. Shaba ilikuwa imeondoka. Akauliza, kwa sauti ya daktari anayewaita ndugu kando, hiyo harusi ni ya thamani gani.

"Tulishawahi kuonyeshwa," Gundi akasema. "Yote."

"Basi pole."

"Tumeshapoa."

Darubini akaandika mstari wa pili wa kadi, akaitundika. Kisha akazinakili zile zilizookolewa mara mbili, kwenye diski mbili, akamwamuru moja ikae nyumbani na nyingine ikae kazini kwa mkewe. Akasema picha zikiwekwa mahali pamoja hazijawekwa. Alipokuwa anawasindikiza ngazini alimshika Gundi mkono na kumwambia kuhusu nta asiwe na wasiwasi, hatamwambia mtu. Na Gundi alishindwa kujua kama anaheshimiwa au anachekwa, akaamua kushukuru.

Alhamisi wageni waliwasili na vumbi la safari. Gundi alimshikia mama mkwe begi, akamwamkia kwa adabu zake zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Bibi akamtazama kuanzia juu hadi chini. "Wewe ndiye unayebandika."

Mkewe hakuwa amenuna tena, au alikuwa ameiacha hasira njiani mahali fulani kwa sababu ilikuwa nzito kubeba. Kabla hata ya kuvua viatu aliomba diski. Aliichomeka, akavaa spika moja ya sikioni, ile nyingine akamtia mumewe sikioni, wakasimama wameegemeana pale pale kando ya meza. Ilikuwa hewa tu. Hewa inaingia, inatoka, inakawia, inaingia. Gundi alijikuta naye anaisubiri kila mara, miaka mitatu baadaye, na mwenye pumzi hizo yupo miguuni pake anavuta kamba za viatu vya bibi yake.

Kisha bibi aliketishwa kwenye kiti chenye mgongo, na kioo kikageuzwa upande wake. Alitazama jino. Alitazama kuogeshwa, akanung'unika kwamba kichwa hakishikwi hivyo. Ilipofika hamsini na saba akasogea mbele, akakaa ukingoni mwa kiti. Pale kwenye kioo, mtoto mdogo mwenye nepi alikuwa ameshikilia ukuta. Akauachia. Akapiga hatua moja, ya pili ikawa nusu, akaanguka kwa makalio na kubaki ameduwaa, hajaamua kulia au kucheka.

Sindano, aliyekuwa hataki kabisa kuamini kwamba yule ni yeye, aliinuka kutoka kwenye viatu, akapita chini ya mkono wa baba yake, akaenda mpaka kwenye kioo, akainama na kumnyooshea yule mtoto mkono.

"Simama," akamwambia. "Shika."

Bibi akajifuta macho kwa upindo wa nguo yake, akasema irudishwe nyuma, aone tena.